Malale Mashariki mwa Mwanza: Historia ya Udhibiti wa Jeni na Mchochota wa Ubongo, 1902–2024

1.0 Utangulizi

Magari yanayotoka Mwanza kuelekea Musoma hupita Igoma, Kisesa na Magu, kisha hufika Lamadi, mahali ambapo nyika ya Serengeti inalikaribia Ziwa Viktoria. Nyika ya mashariki mwa Mwanza iliingia katika maandiko ya tiba mwaka 1923, pale H. Lyndhurst Duke, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alipochapisha katika jarida la Royal Society ya London uchunguzi wake kuhusu mlipuko wa malale uliotokea huko. Mlipuko huo ulileta tatizo ambalo maarifa ya wakati ule hayakuweza kulitatua. Malale yaliyojulikana Busoga na visiwa vya Sese yalihusishwa na mbung'o wa vichaka vya ufukweni, na ilisemekana kuwa huua polepole. Malale ya mashariki mwa Mwanza yalikuwa ya mbali na maji, yakienezwa na mbung'o wa nyika wanaofyonza damu ya wanyamapori, na yaliua kwa muda wa miezi. Hata hivyo, chini ya hadubini vimelea vya aina zote mbili vilikuwa sawa kabisa kwa umbo. Vilifanana pia na vile vya nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe lakini usiomgusa binadamu.

Wanahistoria wamekwisha kuandika mengi kuhusu upande wa kisiasa wa ugonjwa huu. Helge Kjekshus (1977) aliuweka ndani ya hoja pana juu ya kuvunjika kwa mizani kati ya watu na mazingira yao Tanganyika. John Ford (1971) alitangulia kuonyesha kwamba wenyeji walikuwa na mbinu zao za kuishi na mbung'o. Na Kirk Hoppe (2003) alichunguza uhamishaji wa watu kandokando ya ziwa. Kazi hizo zina uzito mkubwa, lakini zote zinamchukua kimelea kama kitu kisichobadilika, kana kwamba historia iko kwa watu na kwa vichaka tu. Makala haya yanatetea hoja tofauti: kwamba swali lililozuka mashariki mwa Mwanza lilikuwa swali la udhibiti wa jeni hata kabla ya wahusika kuwa na lugha ya kulitamka hivyo, na kwamba jibu lake, lililopatikana kwa vipande katika muda wa karne moja, linaihusu nyumba ya kimelea na nyumba ya ubongo kwa pamoja.

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Mchochota ni mwitikio wa tishu dhidi ya jeraha au maambukizi: mishipa hupanuka, seli nyeupe za damu huingia, na kemikali za kuarifiana, ziitwazo saitokini, humwagwa. Udhibiti wa jeni ni ule utaratibu unaoamua jeni ipi iwashwe, lini, ndani ya seli gani na kwa kiasi gani. Kila seli ya mtu hubeba takriban jeni zilezile. Kinachoitofautisha seli ya ini na seli ya ubongo ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

2.0 Ziwa na wageni wake

Mwaka 1901 madaktari ndugu Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda. Mwishoni mwa mwaka 1902 Aldo Castellani, akiwa Entebbe, aliona tripanosoma ndani ya maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa, na mwaka uliofuata David Bruce na wenzake wakathibitisha kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Makadirio ya vifo katika mlipuko huo, hadi ulipopungua katika muongo wa pili wa karne, huzidi watu 200,000. Serikali ya Hesketh Bell iliwahamisha wakazi wa ukanda wa ufukweni kuanzia mwaka 1906.

Upande wa Wajerumani, Robert Koch alifika Mwanza mwaka 1906 akiongoza msafara wa kuchunguza malale. Kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache Mwanza, alihamia visiwa vya Sese, ambako alikaa hadi mwaka 1907 akiwadunga wagonjwa dawa ya Atoxyl yenye arseniki. Vimelea vilitoweka katika damu kwa muda, kisha vikarudi. Koch alipoongeza dozi, baadhi ya wagonjwa walipofuka wasipone tena. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, ndiye aliyeonyesha mwaka 1909 kwamba kimelea hupitia ukuaji ndani ya mbung'o kabla ya kuweza kuambukiza tena, jambo ambalo Bruce hakulitambua.

Katika simulizi hizi za wavumbuzi, kazi moja ya mwaka 1906 hutajwa kwa nadra. Frederick Mott, mtaalamu wa magonjwa ya ubongo wa London, alikata vipande vyembamba vya bongo za watu waliokufa kwa malale na kuvichunguza. Alichokiona si vimelea vinavyotafuna seli za neva. Aliona mishipa midogo ya damu iliyozungukwa na kanda za limfosaiti na seli za plazma, baadhi ya seli hizo zikiwa zimejaa vitone vya duara kama zabibu. Seli za namna hiyo bado huitwa kwa jina lake. Seli za neva zenyewe zilikuwa hazijaharibika sana. Maana ya picha hiyo ni nzito. Mgonjwa aliyepoteza usingizi wa usiku, aliyesinzia mchana huku chakula kikiwa mdomoni, aliyebadilika tabia hadi nduguze wasimtambue, alikuwa na ubongo uliovamiwa na walinzi wake mwenyewe.

Katika mwaka huohuo wa 1906, Alois Alzheimer aliwasilisha mjini Tübingen habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu, ambaye ubongo wake ulionyesha mabaka na nyuzi zisizo za kawaida. Njia hizi mbili za uchunguzi, moja ikitokana na ziwa na nyingine na hospitali za Ujerumani, zingekutana baadaye sana.

3.0 Tinde

Swali la Duke lilikuwa na sura ya kiutawala. Ikiwa kimelea cha wanyama kinaweza kugeuka wakati wowote kuwa kimelea cha watu, basi kila pori lenye swala na mbung'o ni hatari, na kuwahamisha watu au kufyeka vichaka kunahalalishwa. Ikiwa ni aina mbili zilizotengana, basi hatari iko pale tu alipopita mgonjwa. Jina la aina ya mashariki, rhodesiense, lilikwisha kutolewa mwaka 1910 na Stephens na Fantham. Lakini jina halikuondoa shaka. Daktari wa kijeshi wa Kijerumani, Max Taute, alijidunga mwenyewe damu ya wanyama wenye tripanosoma, na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia yeye na mwenzake Huber waliwadunga Waafrika zaidi ya 100. Hakuna aliyeambukizwa. Kwa hatua za leo za maadili ya utafiti, jaribio hilo lisingepita mbele ya kamati yoyote. Wakati ule lilichapishwa kama ushahidi wa kawaida.

Huko Usukuma hatua za utawala hazikusubiri jibu. C.F.M. Swynnerton, mkurugenzi wa kwanza wa utafiti wa mbung'o Tanganyika, alifanya Shinyanga kuwa makao ya kazi yake, na ufyekaji wa vichaka uliendeshwa kwa nguvukazi iliyoitwa na watemi. George Maclean, ofisa wa malale, alikusanya watu katika makazi ya pamoja, na sehemu kubwa za magharibi mwa ziwa zikabaki mapori.

Katika mazingira hayo maabara ya Tinde, mkoani Shinyanga, ilianza mwaka 1934 jaribio ambalo halina mfano katika historia ya vimelea. Tripanosoma zilizotoka kwa mgonjwa mmoja zilipitishwa kwa mbung'o hadi kwa kondoo, kutoka kondoo hadi mbung'o wengine, na hivyo mfululizo kwa miaka 18. Mara kwa mara, watu walioitwa wa kujitolea waliumwa na mbung'o hao ili ijulikane kama kimelea bado kinamuambukiza binadamu. Kiliendelea kuwaambukiza. J.F. Corson aliianzisha kazi hiyo, na H. Fairbairn na K.C. Willett wakachapisha muhtasari wake mwaka 1955.

Neno "kujitolea" linastahili kusimamishwa kidogo. Ridhaa ya mtu aliye chini ya serikali ya kikoloni, mbele ya daktari ambaye ni sehemu ya serikali hiyo, haiwezi kulinganishwa na ridhaa ya mtu aliye huru kukataa. Katika fasihi ya sayansi, Tinde ni jina la jaribio kabla ya kuwa jina la mahali penye watu. Mtafiti anayetumia matokeo yale, na matokeo yale bado yanatumika, anatumia miili hiyo pia.

Jambo moja lilibaki bila maelezo. Katika maabara za Ulaya, vimelea vya rhodesiense vilivyopitishwa kwa sindano kutoka panya hadi panya mara nyingi vilipoteza uwezo wa kuishi ndani ya seramu ya binadamu. Vile vya Tinde, vilivyopita kwa mbung'o na kondoo, havikuupoteza. Kimelea kilekile kinawezaje kusahau mahali pamoja na kukumbuka mahali pengine?

4.0 Koti linalobadilishwa

Dalili ya jibu ilikuwepo tangu mwaka 1910. Ronald Ross na David Thomson, mjini Liverpool, walihesabu kila siku vimelea katika damu ya mgonjwa mmoja aliyetoka Rhodesia ya Kaskazini, wakaona idadi ikipanda na kushuka kama mawimbi. Maelezo yalikamilika baada ya mwaka 1969, Keith Vickerman alipoonyesha kwamba tripanosoma iliyomo katika damu imevikwa koti zito la protini. Koti hilo lina takriban nakala milioni 10 za protini ya aina moja. Kingamwili za mgonjwa hulitambua koti na kuangamiza wengi. Wachache waliokwisha kubadilisha koti hubaki na kuanzisha wimbi jingine.

Hapa ndipo udhibiti wa jeni unapoingia waziwazi. Jenomu ya kimelea, iliyochapishwa mwaka 2005, ina jeni za makoti zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa mbovu lakini zinazoweza kuungwaungwa. Licha ya wingi huo, jeni moja tu huwashwa kwa wakati mmoja, na sharti iwe imekaa katika mojawapo ya vituo maalumu vilivyo karibu na ncha za kromosomu. Kituo kimoja kikiwa wazi, vingine vyote hufungwa. Ni kama nyumba yenye milango mingi na ufunguo mmoja.

Mwaka 1998 ilithibitishwa kwamba uwezo wa rhodesiense kuishi ndani ya binadamu unatokana na jeni moja, SRA, ambayo hukaa ndani ya kituo cha namna hiyo. Kituo hicho kikiwa wazi, SRA hutengenezwa na kimelea huishi katika damu ya mtu. Kimelea kikihamia kituo kingine, SRA hunyamaza. Jeni ipo, ila haisemi. Kwa hiyo vimelea vya panya wa maabara havikuwa vimepoteza kitu katika urithi wao. Vilikuwa vimefunga mlango. Swali la mashariki mwa Mwanza, kama kimelea cha wanyama hugeuka kuwa cha watu, lilipata hapo jibu ambalo si ndiyo wala siyo ya mwaka 1923: kimelea kisicho na SRA hakimgeukii mtu, na chenye SRA huweza kuishi ndani ya swala au ng'ombe kikingoja.

Upande wa binadamu ulifumbuliwa mwaka 2003. Protini ya damu iitwayo APOL1 ndiyo inayoitoboa na kuiua tripanosoma ya wanyama. SRA huishika APOL1 na kuizuia. Baadhi ya watu wana toleo la APOL1, liitwalo G2, ambalo SRA hushindwa kulishika, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nchini Uganda toleo hilo huwakinga walio nalo dhidi ya rhodesiense. Kinga hiyo ina gharama: tangu mwaka 2010 inajulikana kwamba mtu mwenye nakala mbili za matoleo hatarishi ya APOL1 yumo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Wakazi wa Kanda ya Ziwa, ambako selimundu ni ugonjwa wa familia nyingi, hawahitaji kufundishwa kwamba urithi unaokinga unaweza pia kudai.

5.0 Ubongo unaojichoma

Kimelea kinapovuka kutoka damu hadi ubongo, historia inarudi kwenye picha za Mott. Kwa muda mrefu picha hizo zilielezea tu nini kipo, bila kueleza nini kinawashwa. Badiliko lilikuja mwaka 1991, watafiti wa Glasgow, miongoni mwao Peter Kennedy na Max Murray, walipopima katika bongo za panya wenye malale ujumbe wa RNA wa jeni za saitokini. Kwa mara ya kwanza mchochota wa malale haukuonekana kama seli zilizojikusanya bali kama jeni zilizowashwa, tena katika astrosaiti, seli ambazo awali zilichukuliwa kuwa nguzo tu za kuwashikilia neva.

Utaratibu wenyewe unafahamika vizuri. Katika seli iliyotulia, kiwashaji kiitwacho NF-κB, kilichoelezwa mwaka 1986, hufungwa nje ya kiini na protini inayokizuia. Ishara ya uvamizi ikifika, kizuizi huvunjwa, NF-κB huingia ndani ya kiini na kuwasha jeni za saitokini kali kama TNF. Lakini miongoni mwa jeni zinazowashwa imo pia ile ya kizuizi chenyewe, hivyo moto huzaa maji yake. Saitokini nyingine, IL-10, hufika kutoka nje na kuamuru seli zipunguze makali. Mgonjwa huishi au hufa kulingana na mizani ya pande hizo mbili. Uchunguzi wa MacLean na wenzake (2004), uliowalinganisha wagonjwa wa rhodesiense wa nchi mbalimbali za Afrika Mashariki, ulionyesha kwamba ukali wa ugonjwa huenda pamoja na mahali, aina ya kijeni ya kimelea, na sura ya mwitikio wa saitokini wa mgonjwa. Tayari mwaka 1995 Koerner, de Raadt na Maudlin walikuwa wamehoji kama mlipuko wa Uganda wa mwaka 1901 haukuwa wa rhodesiense tangu mwanzo. Mgawanyo wa Duke wa malale ya polepole na ya haraka haukuwa kosa la macho. Sababu zake tu ndizo zilizokuwa zimefichika.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, hata hivyo, haukutoka kwa panya. Tangu mwaka 1949 mgonjwa ambaye ubongo wake umeshaingiliwa alitibiwa kwa melarsoprol, dawa ya arseniki inayochoma mshipa inapodungwa. Kati ya wagonjwa 100, watano hadi kumi walipata mchochota mkali wa ubongo baada ya dawa, na takriban nusu yao walifariki. Dawa iliua vimelea, na ubongo ukalipuka. Mwaka 1989 Jacques Pépin na wenzake, wakiwa Nioki nchini Zaire, walionyesha kwamba kuongeza prednisoloni kunapunguza visa vya mlipuko huo. Prednisoloni haigusi kimelea hata kidogo. Huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, huelekea kwenye kiini, na huko huzuia NF-κB isiwashe jeni zake. Wagonjwa wa Nioki walionusurika, walinusurika kwa udhibiti wa jeni, ingawa hakuna aliyewaambia hivyo.

Mwaka 2022 Juan Quintana na wenzake wa Glasgow walichapisha ramani ya jeni zilizowashwa katika seli mojamoja za ubongo wa panya wenye malale. Walikuta seli za plazma, zilezile alizozichora Mott, zikitoa IL-10 inayotuliza mikroglia, ambao ndio walinzi wakazi wa ubongo. Na mikroglia nao wakitoa saitokini ya BAFF inayozisaidia seli za ukoo huo kuishi. Seli zilizohesabiwa kwa miaka 116 kuwa alama ya maangamizi zilikuwa, kwa sehemu, zikijaribu kuuzima moto. Panya si mtu, na ramani hiyo inapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo.

Hapa njia ya ziwa na njia ya Alzheimer zinakutana. Mwaka 2013 ilibainika kwamba badiliko katika TREM2, jeni inayowashwa ndani ya mikroglia, huongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer. Tangu hapo mchochota hauwezi tena kuhesabiwa kuwa moshi tu wa neva zinazokufa. Lakini ulinganisho una mpaka, na mpaka wenyewe ndio wenye faida kwa mtafiti. Katika Alzheimer neva hufa na hazirudi. Katika malale mchochota huwa mkubwa huku neva nyingi zikisalimika, na ndiyo maana mtu aliyekuwa hajitambui huweza kurudi shambani baada ya matibabu. Malale, kwa hiyo, ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mchochota wa ubongo unaweza kutazamwa karibu peke yake, ukiwaka na kuzimwa.

6.0 Baada ya arseniki

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa tiba: fexinidazole, vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10, ndiyo dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi wa rhodesiense wenye umri wa miaka 6 na zaidi, uwe ubongo umeingiliwa au bado. Arseniki, iliyoanza na Koch visiwani Sese, imesogezwa pembeni. Kuchomwa uti wa mgongo ili kujua hatua ya ugonjwa si lazima tena kwa kila mgonjwa.

Kwenye nyika, mambo hayakubadilika kwa kiasi hicho. Mwaka 2001 malale yaliwapata watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na mbuga za jirani, na wanyama wabebao kimelea chenye SRA wangali huko. Homa yake ya mwanzo hufanana na ya malaria. Kwa mhudumu wa kituo cha afya cha Buzuruga anayempokea mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, hakuna jeni ya kupima na hakuna mashine ya kusoma RNA. Lipo tone la damu chini ya hadubini, na swali ambalo Duke naye alilazimika kuwauliza watu wa mashariki mwa Mwanza: katika wiki chache zilizopita, ulikuwa pori gani?